Tripodi Si Bunduki

Mkesha wa mwaka mpya, fataki zikianza kulipuka juu ya jiji la Nairobi, maelfu ya simu huinuliwa kwa pamoja. Hakuna anayeulizwa chochote. Lakini thubutu kufungua tripodi. Dakika mbili haziishi, soja amefika: “Buda, umeruhusiwa na nani hapa? Kibali kiko wapi?” Muulize ni sheria gani, atakwambia ni amri kutoka juu.

Wasee, hapa kuna ujinga unaohitaji kujibiwa.

Fataki huwezi kuzipiga picha nzuri kwa kubonyeza tu. Shata inakaa wazi sekunde mbili, nne, hata nane, ISO ikiwa 100 na tundu la lenzi likibanwa hadi f/8 au f/11. Katika muda huo cheche inajichora yenyewe: inapanda, inapasuka, inamwagika. Ukiingiza mwanga mwingi kupita kiasi, wekundu wa strontiamu na kijani cha bariamu vyote vinaungua na kuwa weupe mtupu. Sasa jaribu kushika kamera mkononi sekunde nne bila kutikisika. KICC itatoka imepepesuka kama mtu aliyetoka kunywa chang’aa. Kwa hivyo anayekataza tripodi amekataza picha yenyewe.

Na anayeumia ni nani? Si mpiga picha wa kampuni. Huyo ana barua yenye muhuri, beji shingoni na nafasi karibu na jukwaa. Anayeumia ni yule aliyejifunza peke yake kwa bando za usiku, akanunua kamera ya mtumba kwa kujinyima, akasubiri mwaka mzima apate dakika chache za fataki. Hana ofisi ya kumwandikia barua. Mchana anahutubiwa kuhusu uchumi wa ubunifu na vijana kujiajiri. Usiku anafukuzwa kama mwizi wa side mirror.

Najua jibu litakuwa usalama. Sidharau hofu hiyo. Westgate ilikuwa 2013, Dusit ikawa 2019, na walinzi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukabiliwa na hatari. Lakini fikiria kidogo. Mtu anayepeleleza jengo kwa nia mbaya hasimami saa nzima chini ya taa ya barabarani na mtambo wa miguu mitatu, kila mtu akimwona. Simu yake inatosha, na simu hamjakataza. Tripodi inamfanya mtu aonekane. Tunamshuku mtu kwa sababu tu hajajificha.

Kuna hoja moja ninayoikubali: gizani, kwenye umati, miguu ya tripodi inaweza kumwangusha mtoto au kuziba njia ya kutokea. Sawa. Basi tengeni sehemu pembeni, mbali na mageti na njia za ambulensi, na muandike kwenye bango ili kila mtu asome. Niambie nisimame wapi. Usiniambie niende nyumbani.

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanii waziwazi. Kinataja pia visivyolindwa: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki. Nimekisoma mara mbili, tripodi haimo.

Tukinyamaza, kumbukumbu ya usiku wa jiji hili itabaki kuwa ya wadhamini pekee: nembo yao mbele, fataki nyuma, na sisi kivuli cha vichwa chini ya fremu. Yule wa kujifundisha ndiye angepiga mama anayeuza mahindi akiangalia juu, au kondakta amekaa juu ya matatu, uso wake umegeuka kijani.

Kwa hivyo mkesha ujao, nenda mapema, chagua ukingo usiomzuia mtu, fungua tripodi. Soja akija, msalimie kwa heshima na umuulize swali moja: “Mkubwa, sheria hiyo imeandikwa wapi?” Tukiuliza wengi, itabidi mtu alijibu.