Usiuze ploti ya mama kabla hujapiga hesabu



Umepata barua ya chuo Uingereza, waenda kusomea biashara. Mashaallah! Lakini ajenti akikwambia "we lipa karo ya mwanzo tu, ingine utafanya kazi ulipe," muulize: kwa masaa gani? Viza ya mwanafunzi wa digrii inaruhusu masaa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Hiyo ni pesa ya chakula na nauli, si karo ya mgeni. Ukizidisha umevunja masharti ya viza, na bosi anayekupunja anajua utaogopa kumshtaki.

Sasa ploti ya Makongeni imeuzwa, karo ya mwaka wa pili haipo. Utamwambia nini mama?

Hatusemi usiende. Elimu ni haki yako. Lakini kuna njia ingine. Maliza digrii hapa Thika, fanya kazi miaka miwili, kisha omba Chevening. Kuomba ni bure, na ukichaguliwa wanalipa karo na matumizi ya uzamili wa mwaka mmoja.

Hesabu kwanza, kisha tawakkal.