Matembezi nayo ni kazi ya chama

Kila chama cha wataalamu wa Kiswahili ninachokifahamu kina katiba, kina mweka hazina, kina na kongamano lake la mwaka. Ni vichache vyenye ratiba ya matembezi. Ukilitaja jambo hilo mkutanoni, hakosekani mjumbe wa kuguna: tumekuja kukuza lugha ama kula mishikaki? Mimi husema tumekuja kwa yote mawili, na la pili hulifaa la kwanza kuliko wadhanivyo waheshimiwa hao.

Tuwatazame waliotutangulia. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923, liliwapa washairi uwanja wa kuchapishiwa tungo zao na kujibizana wakiwa mbalimbali. Kanuni za utunzi nazo Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwisha kuzitolea kitabu mwaka 1954. Hata hivyo, mwaka 1959 kikaundwa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi. Waliokuwa na gazeti na kitabu walipungukiwa na nini? Naamini walipungukiwa na kuonana. Hata Ngonjera za UKUTA za Mathias Mnyampala, zilizoanza kutoka mwaka 1970, ni tungo zisizotimia mpaka watu wasimame na kujibizana ana kwa ana.

Chama nilichomo, cha walimu, wafasiri na watunzi, kilikwenda Bagamoyo siku moja. Tulizuru magofu ya Kaole na makaburi yake yenye nguzo, kisha tukashuka pwani penye wavuvi. Mfasiri mmoja, aliyekuwa akihangaika na riwaya ya mabaharia, akamkabili nahodha kwa maswali. Akapewa foromali, joshi na demani, kila neno likionyeshwa kwa kidole mahali pake chomboni. Kisha mzee yule akasema kwamba upepo ule ukiendelea, watarudi kwa kubisha. Nusu yetu tulifikiri hodi. Akachukua kijiti, akachora mchangani njia ya chombo kinachokwenda mshazari huku na huku ili kikabili upepo wa mbele. Neno hilo kamusini limo. Wangapi kati yetu tuliowahi kulisoma tulikuwa tumeliona likienda?

Ndani ya basi, wakati wa kurudi, pakazuka ubishi iwapo mabishano ya watu na mbisho wa chombo ni ndugu wa tumbo moja, na ubishi huo ulikuwa haujakatika tulipofika Bunju. Mwalimu mmoja kijana, ambaye katika makongamano hajapata kufungua kinywa, akaghani shairi lake. Bibi mmoja aliyeketi nyuma akamwambia, “Mwanangu, mshororo wa tatu umepungua mizani moja.” Watu wakacheka, yeye akacheka, akaurekebisha papo hapo. Ukumbini, mbele ya kipaza sauti na mgeni rasmi, sahihisho hilo lingekuwa fedheha, na huenda tusingemwona tena.

Lakini sitetei kila safari. Zipo zinazofanyika katika hoteli ambazo mchango wake mwalimu wa shule ya msingi hauwezi. Hizo huchagua wanachama kwa mfuko, na chama hubaki cha wakubwa wakisifiana. Zipo pia zenye posho, ambazo siku posho ikikosekana basi huondoka na viti vitupu. Na zipo za usiku, ambazo mama mwenye watoto wadogo hazimfai, kisha tunaulizana mbona washairi wanawake hawaonekani. Maoni yangu ni kwamba matembezi ya chama yawe ya mchana, chakula kitoke majumbani mwetu, na kila mtu arejee kwake kabla ya magharibi. Tena tuachane na fulana zenye nembo, zinazomeza michango na kuishia kudekia sakafu.

Safari ijayo nimependekeza iwe magofu ya Kunduchi, hapa hapa Dar es Salaam, yenye makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka Uchina, na soko la samaki lisilo mbali kwa wenye maswali ya majina. Basi la kukodi halitahitajika. Mweka hazina ameniomba hesabu ya gharama, nami nimempelekea: nauli ya daladala, kwenda na kurudi.