Kambarage Halimshindi Mtu

Mwandishi aliyewashauri wazazi wa Musoma na Bunda waliache jina Kambarage, eti adimu na walimu watalikosea, amewahi kulitamka? Ka-mba-ra-ge: silabi nne, zote zinaishia kwa irabu. Linalotukwaza ni Julius, alilobatizwa Nyerere mwaka 1943. Wengi wetu hulibandika irabu mwishoni ndipo litamkike. Mbona hilo hukuliita gumu, ndugu yangu? Kambarage ndilo alilopewa Nyerere alipozaliwa Butiama, mwaka 1922: jina la mzimu wa mvua. Leo watangazaji wa mpira wa makabila yote hulitaja wakiwa Uwanja wa Kambarage, Shinyanga, na sijamsikia hata mmoja akijing'ata ulimi. Uadimu nao? Waulize walimu wenye akina Brayani watatu darasani.