Nchi Zisizokuwa Katika Ramani: Malalamiko ya Msomaji wa Riwaya na Tamthilia Zetu

Katika muda wa miezi michache iliyopita nimesoma, au nimesoma upya, riwaya na tamthilia kadhaa za Kiswahili. Nyingi kati yazo ni zile ambazo zimewahi kuteuliwa kutahiniwa katika shule zetu za upili, na kwa hivyo ndizo zinazosomwa na Wakenya wengi zaidi. Nilizisoma kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, jambo ambalo pengine si haki kwa mwandishi yeyote yule. Hata hivyo, usomaji wa aina hii una faida yake, kwani humwonyesha mtu mambo ambayo hangeyatambua kama angekuwa anasoma kitabu kimoja kwa mwaka. Niliyoyatambua yamenikera, nami naomba ruhusa ya wasomaji wa jarida hili niyaseme bila kuyavika joho la nadharia.

Jambo la kwanza ni la kijiografia. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya amezizuru nchi ambazo hazimo katika ramani yoyote. Amefika Butangi katika Kifo Kisimani (2001) cha Kithaka wa Mberia, akapita Cheneo katika Mstahiki Meya (2009) ya Timothy Arege, akalala Tomoko katika Kidagaa Kimemwozea (2012) cha marehemu Ken Walibora, akaamkia Wahafidhina katika Chozi la Heri (2014) la Assumpta Matei, akaingia Sagamoyo katika Kigogo (2016) cha Pauline Kea, na hatimaye akafika Matuo katika Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Ni safari ndefu, lakini msafiri haoni tofauti kubwa kati ya kituo kimoja na kingine. Kila aendako anamkuta mtawala mmoja aliyelewa madaraka, awe Bokono, Sosi, Nasaba Bora, Majoka au Lesulia. Kando ya mtawala pana mshauri anayemponza. Mbele yake amesimama kijana au mwanamke jasiri ambaye hakosei. Nyuma pana umma unaongoja kurasa za mwisho ufike kwa wingi, na ukishafika mambo hugeuka. Chozi la Heri pekee ndilo linaloiacha njia hii kwa kiasi fulani, nami nitalirudia.

Sidai kwamba waandishi hawa wameigana. Nadai kwamba wote wameandika wakiwa na msomaji mmoja akilini, na msomaji huyo ni jopo linaloteua vitabu vya mtihani. Jopo linataka kitabu kisichomtaja mtu wala mahali, kinachogusa ufisadi, ukoloni mamboleo, nafasi ya mwanamke, ukabila, elimu, dawa za kulevya na uharibifu wa mazingira, na chenye majina ya kimajazi ambayo mwanafunzi ataweza kuyaeleza kwa alama mbili. Mwandishi anayajua hayo. Mchapishaji anayajua zaidi, maana kitabu kisichoteuliwa hakimlipi gharama ya karatasi.

Ni kweli kwamba mafumbo haya yana historia ya heshima. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika waraka uliouliza waziwazi Kenya ilikuwa ikielekea wapi, akaitaja nchi kwa jina lake, na jibu alilopewa lilikuwa kifungo, kuanzia 1969 hadi 1972. Alamin Mazrui alichapisha Kilio cha Haki mwaka 1981, akawaweka wafanyakazi wake katika shamba la mzungu Delamon ili wenye macho waone shamba lilikuwa la nani siku hizo. Mwaka uliofuata alikuwa kizuizini. Katama Mkangi naye, alipochapisha Walenisi mwaka 1995, ilimbidi ampakie Dzombo katika chombo cha angani ampeleke mbali ili aweze kuzungumzia yaliyokuwa karibu. Katika miaka hiyo nchi ya kubuni ilikuwa ngao. Mwandishi aliibeba kwa sababu mishale ilikuwa ya kweli, na msomaji aliyelifumbua fumbo alijiona mshiriki katika jambo la hatari. Hata Kifo Kisimani, kilichotoka wakati utawala wa KANU ulikuwa haujaondoka, kinaweza kudai ngao hiyo.

Lakini ngao iliyobebwa baada ya Katiba ya 2010 inatukinga dhidi ya nini? Nitatoa mfano mmoja, nao ndio ulionifanya nishike kalamu. Chozi la Heri linaanza na Ridhaa, daktari, akiwa katika magofu ya nyumba yake, baada ya jamaa zake kuteketezwa ndani yake katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Kila Mkenya anayesoma kurasa hizo anajua anasoma habari za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Aliyekuwa Eldoret, Naivasha au Kisumu wakati huo anazisoma kwa moyo mzito, nami sioni aibu kukiri kwamba kurasa za mwanzo zilinishinda, nikakiweka kitabu chini kwa siku mbili. Nilipokirudia nilikuta kwamba tuko Wahafidhina, na kwamba jirani aliyeshiriki uteketezaji huo, Mzee Kedi, tayari amekwisha kutupita.

Tafadhali tulinganishe. Tume ya Waki, ambayo iliyafungia majina ya washukiwa ndani ya bahasha, iliandika katika ripoti yake ya 2008 kwamba watu 1,133 waliuawa, na ikataja miji na wilaya walikofia. Ripoti ya serikali ilitaja mahali. Riwaya, ambayo kazi yake ni kutupeleka mahali penyewe tukasikie harufu ya moshi, ikatupeleka kwingine. Na kwa kuwa hatuko mahali popote, hatuwezi kumuuliza Kedi maswali ambayo jirani wa kweli angeulizwa: shamba hili lilinunuliwa kutoka kwa nani, mwaka gani, na nani alilalamika, watoto wake walicheza na watoto wa Ridhaa kwa lugha gani, alikula chakula gani usiku ule. Kedi ndiye riwaya yenyewe. Mwandishi alikuwa naye mkononi, akamwachilia ili apate nafasi ya kutuonyesha mabweni ya shule ambamo wasichana wanapokezana kusimulia masaibu yao, kila mmoja akiwa na janga lake, kama kwamba orodha ya maudhui imepewa sare na kuketishwa kitandani. Baada ya hapo sadfa juu ya sadfa zinawakutanisha Umu na ndugu zake. Nilitokwa na machozi mwanzoni mwa kitabu, na mwishoni nikawa nahesabu.

Wahakiki tumeyasema haya? Hapana. Ukikusanya tahakiki zilizoandikwa juu ya vitabu nilivyovitaja, ikiwa ni pamoja na tasnifu za uzamili zinazopita mezani petu, utakuta kwamba kila mwandishi amefaulu. Amefaulu kuwasawiri wahusika wake, amefaulu kuoanisha fani na maudhui, na mbinu rejeshi ameitumia kwa ustadi mkubwa. Sijaona tasnifu iliyofikia hitimisho kwamba kitabu kilichochunguzwa kinachosha. Mwanafunzi anachagua nadharia, anaileta kitabuni kama fundi anavyoleta rula, anapima, kisha anatangaza kwamba vipimo vimelingana. Swali la kama alikipenda kitabu haliulizwi, na akiulizwa hujibu kwa kutaja nadharia. Nami simo nje ya lawama hizi. Niliwahi kuandika mwongozo wa tamthilia mojawapo kwa ajili ya watahiniwa, nikaisifu kwa sababu niliagizwa kuisifu, na fedha nilizolipwa zilitoa karo ya muhula mmoja. Kwa kadiri nijuavyo, bado unauzwa mitaani kwa nakala za kutoa kivuli.

Kuna pingamizi moja ambalo ni lazima nilikabili, nalo ni zito. Mwenzangu mmoja katika idara aliyesikia mawazo haya alinikumbusha yaliyowapata wasichana wa shule ya Butere. Mwaka 2013 tamthilia yao Shackles of Doom ilipigwa marufuku katika tamasha za kitaifa za drama, hadi mahakama ilipoingilia kati. Mwaka 2025 tamthilia yao nyingine, Echoes of War, iliwaletea Nakuru polisi na mabomu ya kutoa machozi, na mwandishi wake, Cleophas Malala, akakamatwa. Je, katika nchi ya namna hiyo nina haki gani ya kumwambia mwandishi aitupe ngao? Nakiri kwamba jibu langu si kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba tamthilia hizo zilishambuliwa kwa kuwa zilichoma, na wenye mamlaka hawahitaji kutajiwa majina ili wajitambue. Majoka naye amekaa madarasani miaka kadhaa bila afisa yeyote kumkasirikia. Anasomwa, anafafanuliwa sifa zake tano, anasahauliwa baada ya mtihani. Mtawala ambaye kila mtawala anaweza kumsoma akimfikiria jirani yake hamwumizi yeyote.

Nisieleweke kwamba vitabu hivi ni vibovu vyote. Ndani ya kila kimoja pamejificha kitabu kingine ambacho ningependa kukisoma. Katika Kigogo, Ashua, mke wa Sudi, yumo gerezani. Watoto wana njaa, mume anachonga kinyago cha shujaa, na shujaa mwenyewe ni mwanamke mwingine. Ashua anachoka. Anadai talaka. Hapo niliketi wima, kwani kwa mara ya kwanza mtu wa Sagamoyo alikuwa amesema jambo ambalo halikumfaa yeyote, si Majoka wala mapinduzi. Wahakiki tumeshamwandikia Ashua kwamba amekosa msimamo, tukaenda zetu kwa Tunu. Katika Kifo Kisimani, Gege anamuua Mwelusi, nduguye wa tumbo moja, kwa kuahidiwa kuozwa Alida, binti wa mtawala. Kaini na Abeli ndani ya Butangi! Lakini anayetukuzwa katika madarasa yetu ni Mwelusi, ambaye tangu aingie jukwaani tunajua atasema nini. Na katika Kidagaa Kimemwozea, uozo mkubwa kuliko wote wa Nasaba Bora ni wa nduguye, Mwalimu Majisifu, aliyeiba mswada wa kijana Amani akajipatia sifa za uandishi. Mwizi wa maneno, mlevi, baba wa watoto wenye ulemavu anaowaonea haya: huyo ni mhusika kamili, na kila msomi aliyewahi kuitumia kazi ya mwanafunzi wake bila kumtaja ana sababu ya kumsoma usiku mlango ukiwa umefungwa.

Mwandishi huyohuyo alipoandika Siku Njema (1996) hakuogopa kumtoa kijana wake Tanga na kumfikisha Kitale kumtafuta baba, na hadi leo wasomaji wanazungumzia safari ile kama kwamba walikuwemo garini. Najua kwamba Siku Njema haikumgusa mtawala. Basi tumchukue Adam Shafi. Vuta N'kuvute (1999) inamgusa mtawala wa kikoloni, inataja ukomunisti, ina makachero, Inspekta Wright na Koplo Matata, na yote hayo yanatendeka Unguja, katika vichochoro ambavyo mgeni angeweza kuvifuata kitabu kikiwa mkononi. Yasmin anaozwa mzee Raza akiwa bado msichana mdogo, anatoroka, anapokewa na Mwajuma, anampenda Denge mwanaharakati. Kama angekuwa mhusika wa Butangi, angekuwa mwanaharakati pia, na kitabu kingekwisha akiongoza maandamano. Shafi anamwacha awe mtu. Denge anamponyoka, naye maisha anayajenga na Bukheti, ambaye hakuahidi kubadilisha dunia. Nimewasikia wahakiki wakimlaumu mwandishi kwa mwisho huo, ati umelegeza msimamo wa kimapinduzi. Mimi naona ndio mwisho wa kweli kuliko yote niliyosoma mwaka huu.

Haimaanishi kwamba fumbo halina kazi. Mashetani ya Ebrahim Hussein, ambayo imetimiza zaidi ya miaka 50 tangu 1971, ni fumbo tupu kuanzia mchezo wa Shetani na Binadamu hadi ugonjwa wa Kitaru, na bado hatujakubaliana inasema nini. Hussein hakutumia fumbo kuficha jibu alilokuwa nalo. (Mzingile ya Kezilahabi nimeisoma mara tatu kwa kuwa wanafunzi wangu wanaiabudu. Naiheshimu, sijaipenda.)

Mwishoni mwa usomaji wangu nilifika kwa Bembea ya Maisha, ya Arege yuleyule aliyetupa Meya Sosi. Niliifungua nikimtafuta mtawala. Hayumo. Yumo Sara, mama mgonjwa wa kijijini. Yona, mumewe mwalimu, aliyedhihakiwa kwa kukosa mtoto wa kiume hadi akaingia katika pombe. Na binti yao Neema, anayetaka mamake atibiwe mjini lakini nyumba ni ya Bunju, mkwe anayejiuliza kama mila inaruhusu mama mkwe alale chini ya paa lake. Tamthilia hii nayo haikukwepa kabisa mizigo ya darasani. Pana mahali wahusika wanahutubiana kuhusu malezi kana kwamba mwalimu yuko mlangoni. Lakini suala la Sara atalala wapi usiku huo ni suala ambalo familia nyingi za Kenya zinalijadili kwa minong'ono, gari la kutoka mashambani likiwa limekwisha kufika stendi, na Bunju si mwovu wala si shujaa. Nilimsomea mke wangu onyesho moja kwa sauti. Aliniuliza kama mwandishi anatufahamu, kisha akakichukua kitabu, na hadi sasa hajakirudisha.