Mwenye burse asome nini?

Wandugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu,

Sisi wenye kulipiwa minervali na burse, tukifika mwaka wa mwisho tunaulizwa neno moja kila pahali: «Utaingia Politekniki, si njo?» Wazazi wanauliza, majirani pia. Karatasi yangu ya burse inaomba tu nipate pointi za kutosha kila mwaka. Politekniki haimo, lakini watu wote wanaisoma pale ndani.

Sababu ninaielewa. Hapa Kinsevere, karibu kilometa 30 toka Lubumbashi, mine ya shaba iko mbele ya macho. Mwenye kupata kazi pale anajenga nyumba, anasomesha wadogo wake. Mimi sicheki kazi hiyo. Lakini tukumbuke Gécamines: mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476.000 za shaba, mwaka 1994 karibu 30.000 tu. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka, na waliita jambo lile «kuondoka kwa mapenzi». Mapenzi gani, kwa mtu ambaye hajaona mshahara miezi na miezi?

Hapa kwetu mawe ya juu yanapungua, na tangu 2024 wanachoma mawe ya chini yenye salfa mu tanuru. Kazi inaendelea, ni kweli. Ila shimo liko na mwisho wake.

Mimi ninataka kusoma Agronomia ku Universite ya Lubumbashi. Mutacheka: «Burse muzima kwa kulima?» Basi mutazame bukari ya leo mangaribi. Unga mwingi wa Lubumbashi unapita Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024 ukame mkali uliharibu mahindi ya kule. Wao wakikosa, sisi tutakula nini? Mashamba tuko nayo, mvua tuko nayo kuanzia mwezi wa 11. Kunakosa watu wenye kujua udongo wetu huu mwekundu, wenye asidi, unaomba chokaa gani, mbolea kiasi gani, mbegu gani.

Tena mine yenyewe itahitaji watu hao. Kuna ua dogo, Haumaniastrum katangense, linamea pahali penye shaba nyingi, pahali mimea mingine inakufa. Zamani watafutaji wa shaba walilifuata. Siku shimo litafungwa, nani atajua kuotesha kitu juu ya udongo ule?

Mwenye kunilipia ana haki ya kuniuliza pointi. Kunichagulia kazi, hapana. Kitu kimoja tu kinanikatalia usingizi: mkubwa wangu aliacha masomo ili mimi niendelee, na ku Agronomia franka haitafika nyumbani mbio. Yeye njo nitaongea naye kwanza, mbele ya mtu mwingine.

Walimu wetu, siku ya kutuonyesha njia za masomo, pamoja na bwana enjinieri mutuitie pia agronomo mmoja na muuguzi mmoja. Tuwaulize miaka ya masomo, bei yake, na kazi walipata wapi.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho