Kipindupindu Kisumu: ziwa lipo, maji hakuna

Aprili 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kipindupindu Kisumu, Migori na Nairobi. Huko ziwani si mgeni. Kiliposambaa Nyanza mwaka 1997, watafiti walikuta hatari tatu: kunywa maji ya ziwa au mto, kula pamoja na anayeharisha, na karamu za mazishini. Wakubwa hukimbilia hiyo ya tatu, maana kupiga marufuku matanga hakugharimu kitu. Mimi naiona ya kwanza. Nyalenda na Manyatta watu wanateka visima vilivyochimbwa jirani na vyoo vya shimo, na Ziwa Victoria liko pale pale! Nasi Wapwani tusijitoe: matangani kwetu ni sinia moja, mikono sita. Nani atamwambia mfiwa asilishe watu? Kaunti imletee mfereji kwanza.