Tamko Kuhusu Ubora wa Bangi ya Tiba Nchini Rwanda

Sisi, mabwana shamba, mabibi shamba na wakaguzi wa ubora wa mashamba ya bangi ya tiba yenye leseni, tumekutana Musanze na kukubaliana kutoa tamko hili kwa waajiri wetu, kwa mamlaka zinazotusimamia na kwa majirani tunaopakana nao.

Amri ya Waziri wa Afya ya Juni 2021 iliruhusu zao hili kulimwa kwa ajili ya tiba na utafiti, mavuno yauzwe nje. Kuvuta bangi bado ni kosa, nasi hatuombi hilo libadilike. Tangu hapo mazungumzo yamekuwa zaidi juu ya uzio, minara ya ulinzi na kamera. Vitu hivyo humzuia mwizi, ukungu haviuzuii.

Neno "ubora" lenyewe limepotoshwa. Mwekezaji akifika shambani huuliza kwanza THC, kemikali inayolevya, ni asilimia ngapi. Hilo ni swali la kijiweni. Mfamasia anataka kujua kama fungu hili linafanana na lililotangulia, ili mgonjwa aliyezoea kipimo chake asipewe kingine mwezi ujao. Ua lenye asilimia 14 kila mavuno tunalithamini kuliko lenye 25 leo na 17 kesho. Kwa hiyo miche itokane na vipandikizi vya mmea mama uliosajiliwa, na mmea wowote utakaoanza kutoa chavua ung'olewe siku hiyohiyo.

Jiografia yetu nayo ina masharti yake. Hapa, karibu na Ikweta, usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, na bangi huchanua usiku unapofikia urefu wa takriban saa 12. Mche usiowashiwa taa jioni huchanua ungali mfupi. Anayezima taa mapema ili kuokoa umeme anakata mavuno yake mwenyewe.

Tupo pia nyanda za juu, penye usiku wa baridi na umande mzito. Ukungu wa kijivu huanzia katikati ya ua nono: nje linapendeza, ndani limeoza. Ukaguzi wa kutembea kati ya matuta na kutazama kwa mbali hauutambui, ua lipasuliwe. Likishavunwa, likaushwe gizani, taratibu, kwa wiki moja hadi mbili. Tumeona maua yakikaushwa kwa moto wa haraka kwa sababu ndege ya mizigo inasubiri. Ganda hukauka, kiini hubaki kibichi, na mfuko unakuwa kitalu cha ukungu. Mionzi ya kuua vijidudu isiwe kisingizio. Huua ukungu, lakini sumu ambayo ukungu umekwisha kuiacha inabaki.

Jambo linalotukera zaidi ni viazi. Hii ni nchi ya viazi, na mkulima wa viazi asiyepuliza dawa ya bakajani chelewa wakati wa mvua hana mavuno. Upepo huleta dawa hiyo upande wetu, maabara ya mnunuzi huikuta ndani ya ua, na fungu zima hukataliwa. Baadhi ya waajiri wamewalaumu majirani. Tunapinga lawama hizo: viazi vilikuwapo kabla yetu. Mwenye leseni ndiye apande miti ya kukinga upepo, aache ukanda mtupu mpakani, na amlipe jirani kwa makubaliano ya siku za kupuliza.

Udongo upimwe kabla ya uzio kujengwa, hasa panapotumika maji yanayopita kwenye machimbo. Bangi hufyonza kadimiamu na risasi kwa wingi, na hakuna palizi itakayoyatoa madini hayo.

Farmakopea ya Ulaya, yaani kitabu cha viwango vya dawa, ina kanuni ya ua la bangi tangu Julai 2024. Tunaiomba serikali ihakikishe vipimo vinavyotakiwa humo vinaweza kufanyika hapahapa nchini, ili mkulima ajue kasoro kabla ya kulipia usafiri.

Kwa upande wetu, kuanzia leo hakuna mwanachama atakayesaini karatasi ya fungu ambalo hakulikagua kwa mkono wake, kuanzia kitaluni hadi ghala la kukaushia. Atakayeshinikizwa asaini alete nakala ya daftari lake la ukaguzi kwa Kamati ya Ufundi ndani ya siku 3. Kamati italipeleka suala hilo kwa mamlaka ya dawa bila kutaja jina lake.

Limetolewa Musanze,
Kamati ya Ufundi, kwa niaba ya wanachama.